Vyuma vya Chini ya Kitanda

Kiponda, Unguja
17 Januari 1955

Mdogo wangu Mkadam,

Assalaam alaykum. Huku tuko wazima, tunamshukuru Mola. Mama ndiye yule yule: upande wa kulia haujarudi, ulimi umeanza kufunguka, na hamu ya kugomba haijampungua hata chembe. Jana kamwambia Fatmabai, mke wa Kurban mwenye duka hapa chini, kwamba sambusa zake zina chumvi ya kuhifadhia papa. Basi ujue anaendelea vizuri. Kofia nashona kama kawaida, macho bado yananitii.

Barua yako ya Disemba tumeipata. Mbona siku hizi unatuandikia kwa taipu? Hata jina lako umelipiga kwa mashine. Mama hupenda kuishika barua aitazame hati yako. Hii kaigeuzageuza akasema, "Hii ya serikali, si ya mwanangu."

Sasa nisikilize. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Oktoba, mama hajashuka ngazi. Ngazi zetu unazijua, vidato ishirini na tisa, nyembamba, apita mtu mmoja. Fatmabai alitoa rai tutafute mahamali wamshushe barazani apate upepo. Mama akalia. Mimi sijapata kumwona mama akilia, hata siku aliyokufa baba. Akasema, "Mwanamume asiyekuwa maharimu wangu hanishiki na uhai wangu. Labda nishakufa." Fatmabai mwenyewe mgongo mbovu, hawezi kubeba hata ndoo. Tumebaki wawili wa kumbeba mama, wewe na mimi, na wewe uko Mombasa.

Wiki iliyopita nilijaribu kumnyanyua kitandani nimpeleke dirishani. Mikono ikaniishia nguvu njiani. Hatukuumia.

Chini ya kitanda chako kuna vile vyuma ulivyonunua kwa baharia, vyenye visahani vya kutia na kutoa. Wewe uliingia navyo chumbani mwembamba kama fagio ukatoka na mabega. Nifundishe, na usicheke.

Dada yako,
Sichana

—

Mombasa
9 Februari 1955

Dada Sichana,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, kazi ya ukarani bandarini ni nyingi, meli zimefuatana. Taipu ni mambo ya ofisi, usiyatilie maanani. Nipe salamu kwa mama na kwa jirani zetu wa chini.

Vile vyuma viwache hapo hapo vilipo. Si vitu vya kuchezea. Wewe ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mshona kofia, leo uanze kunyanyua chuma kama watu wa sarakasi? Na watu watasemaje? Tafadhali usiviguse.

Halafu hakuna haja. Nshamwandikia Ami Muhiddin. Baada ya Idd atakuja na mahamali wanne na kitanda cha kamba, wamshushe mama, ahamie kwake Mtoni. Nyumba ya Ami ni ya chini, haina ngazi, na mkewe atamwangalia. Najua mama atakasirika. Atakasirika kisha atazoea.

Mimi mwenyewe likizo sipati mwaka huu.

Nduguyo,
Mkadam

—

Kiponda
14 Februari 1955

Mkadam,

Marahaba. Wazima sote.

Atazoea? Ebo! Nilimsomea mama barua yako, maana hataki nimfiche kitu. Kisha akaniuliza kama chumbani kwake atalala nani.

Mahamali wanne wamburute mama yetu kwenye ngazi mbele ya mtaa mzima, na huyo Ami, shemeji yake, ndiye awasimamie. Ukiona vibaya mimi kushika chuma, njoo umbebe weye. Si mwanawe wa kiume? Hebu niambie kinachokuzuia, maana hiyo likizo wenzako wote wanaipata. Matar mwana wa Bi Mwanakheir yuko bandari hiyo hiyo, na kila mwezi namwona hapa Unguja akila urojo.

Na ujue kwamba nshaanza. Leo asubuhi nimevitoa, nikatia visahani vyote, nikavuta. Havikubanduka, ila kiuno kiliniambia kitu. Sasa chagua mwenyewe: unifundishe, au nijifundishe.

Sichana

—

Mombasa
3 Machi 1955

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nakujua tangu utoto, ukishasema nshaanza, hata kadhi hakurudishi nyuma. Basi isome barua hii mara tatu, na pale ninapokwambia usifanye, usifanye.

Toa visahani vyote. Bakisha kijiti kitupu na kisahani kimoja kidogo kila upande, kile cha ratili mbili na nusu. Nakuona unavyokunja uso. Chepesi, ndiyo, na hicho chepesi ukae nacho wiki mbili nzima. Pande mbili ziwe sawa siku zote, kisahani kwa kisahani, maana kikizidi upande mmoja mkono utapinduka. Kisha zile pete za kukazia visahani, zenye skrubu. Ziko nne, mbili kwa kila kijiti. Kaza kila pete mpaka vidole vikuume. Ukishakaza, kishike chuma karibu na sakafu, kitikise. Kikilia, hakijakaza. Fanya hivyo kila mara, hata kama umekiweka kunywa maji tu ukarudi. Kila mara, dada. Asikudanganye mtu kwamba ulikaza jana.

Usisimame katikati ya chumba. Sakafu ile ni ya boriti kongwe na chokaa, na chini yake Kurban anapima mchele. Simama karibu na ukuta, pale boriti zinapoingia kwenye jiwe, utandike lile godoro langu la sufi. Vaa viatu. Ncha za kanga zisining'inie. Chutama kwa magoti, mgongo unyooke, unyanyuke kwa mapaja. Pumua nje unapopandisha, ndani unaposhusha, na usizuie pumzi hata kidogo. Mara nane, upumzike, mara nane tena, basi. Kesho yake usiguse, mwili unajijenga ukipumzika. Ukihisi misuli inachoma, hiyo kazi. Ukihisi kiungo kinachoma kama sindano, weka chini siku hiyo hiyo.

Usinyanyue kitu juu ya kichwa. Usilale chali ukakinyanyua juu ya uso. Hili sikuelezi sababu, wewe litii tu.

Mkadam

—

Kiponda
28 Machi 1955

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mvua za masika zimeanza, paa linavuja palepale pa siku zote, na mama amemtukana fundi aliyelitengeneza, marehemu, kisha akamwombea maghufira.

Nimefuata maneno yako. Najifunga kibwebwe, nafunga mlango, mama ndiye mwenye kuhesabu. Yeye kitandani na tasbihi, mimi ukutani na vyuma. Nikifika sita nikataka kuwacha, husema, "Sita si nane." Wiki mbili za kisahani kidogo zimepita, nimeongeza kimoja kila upande. Jumamosi nilimwinua kutoka kulala mpaka kukaa, nikamkalisha kitini peke yangu, na sikutetemeka. Mama alitazama dirishani muda mrefu. Mkadam, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Nikueleze na la pili, usije ukalisikia kwa watu. Jumanne chuma kilinitoka. Kosa langu. Kila asubuhi namkanda mama mguu kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, yale tunayoletewa kutoka Kidichi. Nikamaliza kumkanda, nikajifuta kwa kanga juu juu, nikashika chuma kwa mikono ile ile. Kiliteleza kama samaki. Hakikuangukia godoro, kiliangukia pembeni. Chokaa ikabanduka ikamwagika kwenye gunia la mchele la Kurban, naye akatoka nje akidhani nyumba inaanguka. Nimemwomba radhi. Fatmabai alipojua ninachokifanya alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza kama na yeye mgongo wake utapona. Sasa naosha mikono kwa sabuni na jivu kabla sijashika kitu.

Na zile pete, unasema ziko nne. Mimi nimeona tatu. Ya nne nimeitafuta mpaka chini ya kabati, haipo. Nimefunga upande ule kwa utepe wa kanga, mizunguko saba na fundo. Umekaza vizuri, usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Sichana

—

Mombasa
3 Aprili 1955, Jumapili

Dada

Wacha. Leo leo. Usikinyanyue hicho chenye utepe hata mara moja, hata chepesi. Nguo hailingani na chuma. Hujui. Utepe hukaa siku moja, siku mbili, unauzoea, halafu visahani vinateleza vyote upande mmoja, na upande wa pili unakugeukia kwa uzito wake wote na wewe hujapata hata kusema la.

Tumia kimoja, kile chenye pete zake mbili, mkono mmoja mmoja. Pete ya nne naitoa kwenye vyuma vya mwenzangu wa hapa, nampa Matar, atakuja nayo.

Ofisi leo imefungwa. Samahani kwa hati.

M.

—

Kiponda
2 Mei 1955, Ramadhani

Mkadam,

Ramadhani karim. Tunafunga salama, mama amekatazwa na daktari lakini anafunga kwa siri nusu siku, akidhani simwoni. Matar kaleta pete, inaingia sawasawa. Nanyanyua baada ya futari, chakula kikishatulia, kwani mchana na funga kichwa kilikuwa kinazunguka. Utepe niliufungua siku ile ile niliyopata barua yako.

Barua ile sikumwonyesha mama. Niliificha kwenye mfuko wa kofia zangu, na kila siku naitoa. Herufi zimelala upande mwingine, wino umeburutwa na mkono ukiandika. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika alif yako ya kwanza. Ile ni hati ya mkono wa kushoto. Nilimuuliza Matar, akatazama viatu vyake akasema ana haraka.

Nianze mimi, ili tusifichane. Nilikwambia mwezi wa Januari kwamba hatukuumia. Nilimwangusha mama. Nilimfikisha katikati ya chumba, mikono ikafunguka, akaanguka na paji la uso likagonga sanduku. Alilala sakafuni, mimi nalia, yeye ananiambia ninyamaze watu wasisikie. Kovu analo, analifunika na ushungi. Ndiyo maana nilikuomba. Si kwa ushupavu. Niliogopa, na mpaka leo naogopa kila ninapomtia mikono.

Mimi nshasema langu. Mkono wako wa kulia una nini?

Ami Muhiddin alipita Ijumaa. Amesema Idd tatu atakuja na mahamali, na kitanda kishafumwa. Nimebakiwa na wiki tatu. Nanyanyua ratili kumi na tano kila mkono, na gunia la mchele la Kurban, nusu, nalipandisha mgongoni mpaka juu. Mama ni mzito kuliko nusu gunia.

Sichana

—

Mombasa
12 Mei 1955

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hii nayo naiandika kwa mkono, maana sina tena la kuficha.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, wiki mbili baada ya kupata khabari ya kiharusi cha mama. Nilikuwa nimekata tikiti ya kuja. Nataka uliamini hilo, nilikuwa nayo mfukoni. Hapa tunapokaa mwenzangu mmoja ana vyuma kama vile vyangu. Nilikuwa na mawazo, nikasema ninyanyue mara chache nitulize moyo. Nikabadilisha visahani upesi upesi. Pete moja niliiwacha mezani, nikaiona kabisa iko pale, nikasema mara nane tu. Nikalala chali kwenye benchi la saruji. Mara ya tano visahani vya upande mmoja vikatoka. Chuma kikapinduka, mkono wangu ukabaki baina yake na saruji. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hospitali walivikata siku ya pili.

Kazini wakanihurumia, wakanipa taipu, nagonga kwa kushoto. Tikiti nikaichana. Nilisema nirudi vipi? Mama amelala, anamngoja mwanawe wa kiume ambebe, na mwanawe anaingia na kidole gumba na cha shahada. Nikaona bora mahamali wambebe kuliko anione hivi. Hiyo ndiyo Mtoni yote, dada. Haikuwa kwa ajili ya mama. Ilikuwa kwa ajili yangu, nisiulizwe kwa nini siji. Naona haya kuliandika lakini ndilo hilo.

Nimemwandikia Ami asije. Posta za Ramadhani zinachelewa, sina hakika kama itamfikia kabla ya Idd. Akija, usigombane naye, ni baba mdogo. Na usimbebe kwa mikono mbele, ngazi zile hutaona unapokanyaga. Mbebe mgongoni. Kaza kila kitu kabla hujanyanyuka.

Mama usimwambie.

Mkadam

—

Kiponda
29 Mei 1955

Mdogo wangu,

Idd Mubarak, ingawa imepita. Barua yako kwa Ami haikumfikia. Alikuja Idd tatu saa nne asubuhi, na kanzu yake mpya, na mahamali wanne, na kitanda. Watoto wa mtaa wenye nguo za Idd wakawafuata. Mama alisikia sauti kutoka dirishani, akanishika mkono kwa ule wake mzima, kucha zikaniingia.

Nikashuka. Nikasema, "Ami, shikamoo, Idd Mubarak. Waambie mahamali wageuke waangalie msikitini. Nikimshusha mama mwenyewe na nikampandisha mwenyewe, hatoki nyumba hii. Nikishindwa, mchukue." Akaniangalia kama mwenye homa. Akasema, "Sichana, utamuua." Nikamwambia, "Basi utakuwa umekuja na kitanda."

Nisamehe, lilinitoka. Hakupenda, lakini alikaa barazani na tasbihi.

Nikapanda. Nikaosha mikono mara mbili. Mama nilimvisha buibui, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikachutama mbele yake, Fatmabai akamfunga mgongoni mwangu kwa kanga mbili, moja makalioni na moja mabegani, kama mbeleko. Nikakagua kila fundo. Nikamtikisa, bado tumekaa, nione kama kuna kinacholegea. Nikamuuliza, "Mama, nikikuangusha?" Akasema, "Ulishaniangusha. Nilikufa?"

Nikasimama kwa mapaja. Mkadam, alisimama nami.

Kushuka, Fatmabai alitangulia kinyumenyume, mikono ameinyoosha, anasema "Ya Ali, ya Ali" kila kidato. Mkono wangu mmoja kwenye kamba ya ukutani. Pumzi nje kila nikikanyaga. Pale kwenye kona goti la kulia lilianza kucheza, nikasimama mpaka likatulia. Nilikuwa na hofu ya kukuandikia barua nyingine, si hii. Tukafika.

Nilimweka barazani. Miezi saba! Alitazama njia juu na chini, akamsalimu kila aliyepita, akamwambia Kurban mizani yake imeinama. Ami kageuza uso muda wote, nusu saa nzima, mzee wa watu.

Kupanda ndiko kulikokuwa kazi. Nilihesabu. Kidato cha ishirini na mbili miguu yote miwili ilikataa. Sikuweza kupanda wala kurudi. Fatmabai alikuwa nyuma yangu, mikono ameinyoosha. Jasho likaniingia machoni. Nikajua nikikunja goti sasa tunakwenda wote watatu mpaka chini. Mama akanisemea sikioni, polepole, kwa ule ulimi wake mzito, "Umezuia pumzi." Kweli nilikuwa nimeizuia. Nikaitoa. Nikavuta nyingine. Vidato saba vilivyobaki sijui nilivipanda vipi, lakini nilimkalisha kitandani mwake, nikafungua kanga, nikalala sakafuni ubavuni pake nikacheka kama mwendawazimu.

Ami alisema kutoka chini, "Mungu akuzidishie, binti yangu," akaondoka na kitanda chake. Jana na leo tumeshuka tena. Sasa napumzika kwenye kona kwa kusudi, siyo kwa kushindwa.

Ulinambia nisimwambie mama. Sikukutii. Jioni ile alinitaka nimsomee barua zako zote, na hii ya mwisho akaiona mkononi mwangu, akaitambua kwamba si ya taipu. Niliisoma neno kwa neno, hata pale pa Mtoni. Alilia tena, hii mara ya pili. Kisha akaniomba nimnyanyulie mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akautazama kitambo, akauweka juu ya barua yako.

Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyasema, nawe usiyajibu kwa taipu wala kwa mkono:

"Mwambie mimi sikuzaa vidole. Nilizaa mwana. Aje."